Kiti Kilichobaki Nyasini

Mimi sina ugomvi na ndege. Ugomvi wangu ni na watu wanaopanda ndege ili waonekane wakishuka. Na katika hao, bingwa wao ni shemeji yetu Muharami, mwenye maroli yake Vigwaza na tumbo lake popote aendapo.

Muharami ni kaka wa marehemu wifi yangu, mke wa kaka yangu Kibwana. Wifi alipofariki alituachia binti mmoja, Wahida, na kaka yangu akamlea huko huko Mkange kwa mihogo na korosho, bila kumnyooshea mtu bakuli. Miaka yote hiyo Muharami tulikuwa tunamwona Idi hadi Idi. Wahida alipochumbiwa na Husseni, mwalimu wa Mafia, ghafla mjomba akakumbuka kuwa ana damu yake Mkange. Na kwetu huku, kwa Wakwere na Wazigua, mjomba si mtu wa kuchezea. Mjomba akikohoa, kikao kinanyamaza. Basi akakohoa.

Alisema ndoa haitafungwa Mkange. Tangu tuzaliwe, bwana harusi ndiye anayefuata ndoa kwa kina bi harusi, lakini Muharami akapitisha kuwa sisi ndio tutakwenda Mafia, tena kwa ndege ya kukodi, na vyombo vyote vya bi harusi ndani yake. Kaka yangu aliuliza kwa upole kwa nini wenzetu wasije wao. Mjomba akajibu kuwa kuozeshwa nyumbani kwenye mkeka ni mambo ya watoto wasio na wajomba. Kibwana akanyamaza. Kaka yangu ni mtu wa kunyamaza, na watu tuna ugonjwa wa kudhani kuwa anyamazaye hana neno.

Kitu kimoja tu aliomba: akae mbele ya bwana harusi, amshike mkono, amwozeshe mwanawe kwa mdomo wake mwenyewe. Alikuwa amemwahidi hivyo mama wa mtoto, mama mtu yuko kitandani, siku zake zimekwisha. Mjomba akasema hilo si la kuuliza. Basi wiki nzima nilikuwa namsikia kaka yangu uani akiyakariri maneno ya kuozesha, anakwama, anakohoa, anaanza upya. Mimi nachambua mchele huku machozi yananitoka, nasingizia vumbi la pumba.

Sasa sikilizeni ya ndege. Rubani alishamwambia Muharami kwenye simu kuwa kama mizigo ni mingi, bora tuondokee Dar es Salaam, kwenye lami ndefu. Muharami hakutaka. Ukiondokea Dar nani wa Mkange atakuona? Akataka uwanja wetu wa nyasi huku kaskazini, ule wanaoshukia watalii wa mbugani, na ilikuwa masika, nyasi zimelowa chapachapa. Kijiji kizima kikaalikwa kuja kutazama. Akaleta na mpiga video kutoka Bagamoyo, akamwamuru mbele yetu asikate chochote, achukue kila kitu, mwanzo mpaka mwisho, maana historia haikatwi.

Ndege ikaja. Jamani, kumbe ndogo. Propela moja puani, na ndani viti tisa vya abiria vimebanana. Akashuka kijana wa Kihindi, mwembamba, shati jeupe lenye mistari mabegani, jina lake Naveed. Akatoa salamu, shikamoo kwa kila mkubwa, mmoja mmoja, hata kwa Kibwana aliyekuwa amesimama nyuma kabisa na kanzu yake iliyopigwa pasi ikapigika. Halafu akafungua mlango wa mizigo, akatoa mizani ya kusimamia, akaiweka juu ya ubao.

Muharami akashangaa mizani ya nini, maana uzito wetu sote alishautuma kwa simu. Ni kweli aliutuma. Aliutoa kichwani mwake. Sote alitufanya wembamba. Mimi alinipa kilo hamsini, na kilo hamsini mimi niliagana nazo nikiwa mwali. Yeye mwenyewe alijipa sitini na tano.

Kijana akasema kwa adabu kuwa ndege ndogo haipakiwi kwa kukisia. Hapo wanawake tukaja juu. Mwanamke wa pwani hapimwi hadharani kama gunia la korosho, watu wanatazama, jicho la hasidi halina mapazia. Kijana hakubishana. Akaomba tushike khanga tufanye chumba, tukaingia mmoja mmoja, yeye anachungulia namba tu, anaandika, mdomo kaufunga. Hapo akaniingia moyoni. Sabiha, mkewe Muharami, alivua bangili zote za dhahabu na pochi lake kubwa akamshikisha Wahida, ndipo akapanda. Kijana akamuuliza kama bangili na pochi vinabaki Mkange. Bibi akavaa tena, na mshale ukapanda.

Ikaja zamu ya mjomba. Yeye hakutaka khanga, mwanamume kamili. Mshale ulipita sitini na tano hata haukugeuka kutazama, ukapita mia, ukatulia mia ishirini na moja. Akasema ubao umeinama. Ubao ukahamishwa. Mshale ukarudi pale pale. Basi, nawaapia, mzee mzima akanyanyua mguu mmoja, akasimama kama korongo, akitaraji mizani nayo itahesabu nusu. Kijiji kikaangalia chini kwa heshima. Mpiga video yeye hakuangalia chini.

Kaka yangu alikuwa hamsini na sita, na kanzu, na kofia, na viatu. Mimi shule niliishia darasa la saba, lakini kutoa najua. Kilo alizozificha shemeji Muharami ni kaka yangu mzima.

Wakaanza kupakia. Na Muharami alikuwa ameleta nini? Alileta godoro nene la kulalia watu sita, maboksi ya sahani na masufuria, matenga ya mananasi ya Kiwangwa ya kuwalisha watu wa Mafia, na friji jipya refu, limefungwa utepe mwekundu kifuani kama mheshimiwa. Abiria walikuwa yeye na mkewe, Wahida, mimi, Kibwana, mpiga video, na rafiki zake wawili wa Bagamoyo ambao kazi yao ni kucheka anachosema.

Kijana akavituliza vichwa vyetu. Alisema ndege ina vipimo viwili, uzito na nafasi, na lazima vyote viwili vikubali. Kapu ukilijaza pamba litafurika na bado unalibeba kwa kidole. Ukilijaza chumvi litakushinda halijafika nusu. Hapa tulikuwa na vyote: godoro ni pamba, mananasi ni chumvi. Na mafuta ya kwenda na ya akiba nayo yana uzito wake. Tena nyasi zimelowa na njia ya kurukia ni fupi, kwa hiyo leo ndege itabeba pungufu ya siku nyingine. Ikishindwa kunyanyuka, mbele kuna kichaka, na kwenye kichaka kuna nyati.

Mimi nilielewa. Wahida alielewa. Hata kuku wa Mkange wangeelewa. Muharami alipoambiwa uzito umezidi, aliamuru godoro lishushwe likunjwe. Wanaume wanne wakalipigia magoti, wakalifunga kamba, likawa gogo, wakalirudisha. Akauliza kwa ushindi kama sasa uzito umepungua. Kijana akamwambia godoro likikunjwa halipungui kitu, ni lile lile. Alipoambiwa basi nafasi ya friji hakuna, akaamuru mananasi yashushwe, nayo yalikuwa yamepenyezwa chini ya viti mahali ambapo hata paka angejikunja kwa taabu. Nafasi ya friji ikabaki pale pale haipo. Alikuwa anapunguza uzito akitakiwa nafasi, na anapunguza nafasi akitakiwa uzito. Wale rafiki zake wakacheka, halafu wakaona si mahali pake, wakakohoa.

Mwisho kijana akapiga hesabu yake akasema limebaki jambo moja. Mananasi yabaki. Na friji libaki. Friji likibaki, tunaondoka salama, uzito umekubali, nafasi imekubali, kila mtu na kiti chake.

Muharami akasema friji haliwezi kubaki. Alishawaambia watu wa Mafia kuwa linakuja. Kijana akasema basi ashuke mtu mmoja, na kiti kimoja kitolewe, friji lifungwe mahali pake. Nikasema ashuke mpiga video. Mjomba akauliza nani atachukua picha. Nikasema ashuke mmoja wa wale wachekaji. Akasema hao ndio mashahidi wa ndoa, utadhani Mafia hakuna wanaume wenye macho. Nikasema haya, nashuka mimi. Kaka yangu akanishika mkono akauliza kwa sauti ndogo, mimi nikishuka, mwanawe asiye na mama atashikwa mkono na nani ugenini?

Muharami akamgeukia Kibwana. Alitabasamu, na tabasamu lake lile mpaka leo likinijia usiku natamani ndoo ya maji nimmwagie.

"Shemeji," akasema, "wewe ni mtu wa nyumbani. Utafuata kwa boti kesho, taratibu, bila presha. Huko Mafia mimi nipo. Nitasimama badala yako."

Boti ya kesho, na ndoa ni leo baada ya Alasiri. Wahida, aliyekuwa ameshakaa kwenye kiti chake, akasema kama baba haendi naye haendi, akaanza kufungua mkanda, wanja umeshaanza kuteremka. Kibwana akamwinamia dirishani akamwambia asilie, watu wameshapika huko, chakula cha watu hakichezewi. Akamwambia, "Ndoa yako itafungwa leo, na mimi nitakuwemo. Nenda." Hakuna aliyemuuliza atakuwemo vipi, nami nikadhani ni maneno ya mzazi ya kumtuliza mtoto.

Kijana rubani alikuwa anafungua kiti. Alikitoa, akakibeba mwenyewe, akakiweka nyasini. Halafu akamtazama kaka yangu, kanzu yake, kofia yake ya mkono iliyodariziwa, akamuuliza, "Mzee, samahani. Wewe ni nani wa bi harusi?"

"Mimi ni baba yake, mwanangu."

Yule kijana alisimama na mikanda ya friji mkononi kama mtu aliyesahau alikuwa anafunga nini. Akamwendea Muharami, akamwambia tena kuwa friji linaweza kubaki, kwamba yeye mwenyewe atalifuata siku nyingine. Muharami akamjibu kuwa kazi yake ni kurusha ndege, ya familia awaachie wenye familia. Kibwana akamwambia kijana asijali, aende, na kiti chake atamwangalizia mpaka atakaporudi jioni kukichukua. Kisha akanijia, akaniuliza kama simu yangu ina chaji. Nikamwambia ipo. Akasema vizuri.

Friji likaingia, baba mtu akabaki. Tulipokuwa tunanyanyuka nilimwona chini, amekaa kwenye kile kiti cha ndege katikati ya nyasi, matenga ya mananasi kushoto na kulia kwake. Wahida hakuangalia. Alikuwa ameegemeza kichwa kwenye friji, maana ndilo lililokuwa karibu naye mahali pa baba yake.

Mafia tukapokewa kwa vifijo. Muharami alishuka akarudi ndani akashuka tena, mpiga video apate upande mzuri. Kina Husseni ni watu wastaarabu. Waliulizia baba wa bi harusi, mjomba akajibu ana udhuru kidogo. Wanawake tukaingizwa nyumbani, na ndoa ikafungiwa msikitini, hatua chache kutoka pale. Msikiti una spika juu ya paa, na siku ya ndoa huachwa wazi ili wanawake nasi tusikie. Kwa hiyo yote yaliyofuata niliyasikia kwa masikio yangu, mimi na Mafia nzima ya upande ule.

Sheikh Sadallah alisoma khutba yake vizuri, taratibu. Halafu akauliza, "Walii wa binti ni nani? Asogee amshike mkono bwana harusi."

Tukasikia mkeka unalia. Nikajua ni nani anasogea.

"Ni mimi," ikasema sauti ya Muharami.

"Wewe ni nani wake?"

"Mjomba wake. Na gharama zote hizi ni mimi."

"Mjomba upande wa mama?"

Spika ikavuma peke yake juu ya paa. Sheikh akasema, bila ukali, kuwa mjomba ni mtu mkubwa na heshima yake ipo, lakini mjomba haozeshi. Baba yupo hai? Yupo. Ana akili zake? Anazo. Yuko wapi? Muharami akaanza habari za uzito na nafasi. Sheikh akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza ni kitu gani kilichokaa mahali pa baba. Hapo hatukusikia jibu. Tukasikia mmoja wa wale mashahidi akisema, "Friji."

Mle nyumbani tulimokuwa, wanawake wote wakamgeukia Sabiha. Sabiha akashughulika na bangili zake. Wahida alinikamata mkono, akaniuliza kwa mnong'ono kama sasa ndoa haipo. Niliona wenyeji wanaangaliana, nikafikiria tunavyorudishwa Mkange na mtoto hajaolewa, aibu ya kaka yangu ya maisha, kwa kosa lisilo lake.

Mara baba mdogo wa Husseni akaja mlangoni kuomba namba ya mzee Kibwana. Ndipo nikaelewa habari ya chaji. Kaka yangu hakuwa amedanganya mtoto pale dirishani. Aliyajua haya tangu nyasini, na akaliacha friji liende.

Simu yangu ikapelekwa msikitini ikawekwa karibu na kipaza sauti. Ikaita kidogo tu.

"Assalaam alaykum," akasema kaka yangu, na upepo wa Mkange ukasikika Mafia. Sheikh akamweleza. Akamwambia kuwa akitaka ndoa isubiri mpaka kesho afike, watasubiri. Akitaka ifungwe leo, atoe wakala kwa mtu aliyepo hapa, amwozeshe kwa niaba yake. Muharami akadakia kuwa yeye yuko tayari, shemeji aseme tu, tumalize.

"Sheikh, chakula cha watu kimeshaiva, ndoa isisubiri," akasema Kibwana. "Wakala nautoa. Yupo hapo kijana aliyetuendeshea ndege, Naveed. Nampa yeye."

Kumbe kijana alikuwa amekuja kusali na kualikwa biriani, amekaa nyuma kwenye ndala. Tulisikia watu wakimpisha. Alisema yeye si jamaa, hajui haya mambo, anaogopa kukosea. Sheikh akamtuliza kuwa atamtamkisha. Ila akataka kujua, akamuuliza Kibwana, kwa nini si shemeji yako aliyesafiri na binti?

Tukasikia kile kiti cha ndege kinalia chini ya kaka yangu.

"Walikuwa watu wengi pale uwanjani," akasema. "Huyo kijana peke yake ndiye aliyeuliza mimi ni nani."

Mimi nililia, na safari hii sikusingizia vumbi.

Basi Naveed akakaa mbele ya Husseni, akamshika mkono, Sheikh anamtamkisha neno kwa neno. Sauti ilimtetemeka yule kijana ambaye asubuhi ametupitisha kwenye mawingu bila kupepesa jicho. "Nimekuoza Wahida binti Kibwana, kwa wakala wa baba yake Kibwana." Alipokwama, ikatokea kwenye simu sauti ya kaka yangu ikimkumbusha neno, polepole, kwa yakini, maneno yale yale niliyoyasikia uani wiki nzima. Husseni akakubali. Vigelegele nilivyopiga siku ile vilinikausha koo siku tatu.

Jina la Kibwana lilitajwa juu ya paa lile mara nyingi. Jina la Muharami halikutajwa, kwa sababu katika maneno ya ndoa hakuna mahali linapoingia.

Jioni ile ile ndege ikarudi kuchukua kiti. Kaka yangu aliwagawia watu wa Mkange mananasi, wakayala pale pale uwanjani wakimsubiri rubani. Friji liko Mafia, linagandisha barafu, sina shida nalo. Muharami ndiye mwenye shida. Anatuma watu waje kuniomba ile video nisimwonyeshe mtu, nami nawajibu sina video, aulizwe aliyemwajiri mpiga video. Maana yule kijana wa Bagamoyo ni mtu wa kazi. Mizani mpaka mguu mmoja, friji linaingia, baba anakaa nyasini, Sheikh anauliza walii ni nani: yote yamo. Aliambiwa asikate kitu, na hakukata.